Nyambizi Iliyoikimbia Bahari

Mwaka 2018 umekwisha kupita, na mpaka sasa hakuna mji uliojengwa chini ya bahari, hakuna shamba lililolimwa vilindini, wala hakuna jeshi la pamoja la mataifa linaloamua ugomvi wa wakazi wa huko. Twautaja mwaka huo kwa kuwa ndio uliochaguliwa kuwa wakati wa hadithi na watunzi wa seaQuest DSV, mchezo wa televisheni wa Kimarekani ulioanza kuonyeshwa na shirika la NBC tarehe 12 Septemba 1993. Hatuwalaumu kwa kukosea utabiri. Mtunzi wa hadithi za kisayansi si mnajimu, wala hadaiwi ramli. Lawama yetu ni nyingine: walikabidhiwa bahari nzima, nao wakaichoka kabla hawajaianza.

Michezo mibaya ya televisheni haina idadi, na iliyo mingi haistahili wino. Huu twaujadili kwa sababu ulizaliwa katika neema. Mtunzi wake, Rockne S. O'Bannon, alikuwa na wazo zito. Miongoni mwa watayarishaji wakuu alikuwamo Steven Spielberg, ambaye mwaka huohuo aliipa dunia filamu ya Jurassic Park. Kipindi cha ufunguzi kiliongozwa na Irvin Kershner, mwongozaji wa The Empire Strikes Back ya mwaka 1980. Nahodha aliigizwa na Roy Scheider, yuleyule aliyekuwa mkuu wa polisi mwenye kuogopa maji katika Jaws ya mwaka 1975. Safari hii aliwekwa kuyatawala maji, na uso wake mkavu ulitosha kumwaminisha mtazamaji kwamba mtu huyu bahari anaijua. Muziki wa mwanzo, kazi ya John Debney, ulitunukiwa tuzo ya Emmy. Na mshauri wa sayansi alikuwa Robert Ballard, bingwa wa elimu ya bahari aliyekuwa kiongozi katika ugunduzi wa mabaki ya Titanic mwaka 1985. Ni mchezo gani uliopata kuanza na mtaji kama huo?

Hadithi yenyewe ilikuwa na mashiko. Mali ya nchi kavu imepungua. Watu wamehamia chini ya bahari, wakajenga makazi, wakalima, wakachimba madini. Na mataifa pamoja na makampuni yamegawana sakafu ya bahari kama wakubwa wa Ulaya walivyoigawana Afrika mezani Berlin. Vita yanusurika kuwaka. Ndipo linapoundwa shirika la mataifa la kusimamia bahari, likapewa nyambizi yenye urefu wa mita 300 hivi, iliyojengwa kwa ajili ya vita, ili sasa itumike kwa utafiti na kwa kulinda amani. Nahodha Nathan Bridger, ambaye ndiye aliyeibuni, alikuwa amejitenga kisiwani baada ya kufiwa na mwanawe jeshini, anashawishiwa arudi. Chomboni wamo askari na wamo wanasayansi, na kiongozi wa wanasayansi hao, Dakta Kristin Westphalen aliyeigizwa na Stephanie Beacham, si mwanamke wa kunyamazishwa kwa sare. Yumo kijana mdogo mwenye akili nyingi, Lucas, hodari wa kompyuta. Yumo pia pomboo aitwaye Darwin, ambaye sauti yake yafasiriwa na kompyuta ikawa maneno. Wapo waliomcheka pomboo huyo. Sisi hatukumcheka, kwani kati ya wote waliokuwamo chomboni yeye peke yake alionekana kujua kwamba nje kuna maji.

Msingi wa hadithi hii haukuwa ndoto ya mlevi, na msomaji wa mwambao wetu ana sababu ya kuujali kuliko mtazamaji wa Chicago. Mnamo Novemba 1967 balozi wa Malta, Arvid Pardo, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akataka sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi ihesabiwe kuwa urithi wa wanadamu wote, isije ikanyakuliwa na wale wenye mitambo. Januari 1971, katika kikao cha kamati ya wanasheria wa nchi za Asia na Afrika huko Colombo, mjumbe wa Kenya, Frank Njenga, alitoa rai kwamba kila nchi ya pwani iwe na eneo lake la kiuchumi baharini, mbali kupita maji ya ufukweni. Rai hiyo ya Mkenya ndiyo iliyokua ikawa zile maili 200 za baharini ambazo leo kila taifa la pwani duniani hujivunia. Mkataba wa Sheria ya Bahari ulitiwa saini Montego Bay, Jamaica, mwaka 1982, na tume ya kuuandalia vyombo vyake ikaongozwa mwanzoni na Mtanzania, Joseph Warioba. Kwa hiyo watunzi wa Marekani walipoandika mwaka 1993 juu ya mataifa yanayobishania mpaka ulio chini ya maji, walikuwa wameokota jambo lililokwisha kujadiliwa na watu wazima kwa robo karne, wakiwamo watu wa kwetu. Mzozo wa mpaka wa bahari baina ya Kenya na Somalia, ambao Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliutolea hukumu Oktoba 2021, ungeweza kuwa kipindi kizima cha seaQuest bila kubadilishwa neno, isipokuwa majina.

Msimu wa kwanza, tukubali, ulijaribu. Mwishoni mwa kila kipindi Ballard mwenyewe alitokea kwa muda mfupi akaeleza ni kipi katika hadithi ya jioni ile kilikuwa cha kweli. Tulizipenda dakika hizo kuliko hadithi yenyewe. Kipindi kimoja cha mapema kiliipeleka nyambizi kwenye chemchemi za moto zilizo vilindini. Ballard alikuwa miongoni mwa waliozichunguza mwanzo kabisa, karibu na visiwa vya Galápagos mwaka 1977, kwa chombo kidogo cha Alvin, kwenye kina cha mita 2,500 hivi. Huko kila sentimita ya mraba hubeba uzito wa maji upatao kilo 250. Mwanga wa jua haufiki. Kwa fikira za wakati ule palitakiwa pawe jangwa. Badala yake wakakuta chaza wakubwa, na baadaye ikajulikana minyoo yenye urefu wa zaidi ya mita moja, isiyo na kinywa wala utumbo, inayolishwa na bakteria waliomo mwilini mwake, nao bakteria hao wanaishi kwa gesi ile yenye harufu ya mayai viza itokayo ardhini. Uhai usiolitegemea jua! Miaka miwili baadaye, mahali pengine katika Pasifiki, zikaonekana chemchemi zinazofuka maji meusi yenye joto la zaidi ya digrii 350, ambayo hayachemki kwa sababu ya uzito wa bahari iliyoyalalia.

Mtu akiisha kuambiwa hayo, ana haja gani ya mzimu? Lakini mzimu uliletwa. Msimu huohuo wa kwanza ulikuwa na meli iliyozama yenye roho isiyotulia. Ukawa na chombo cha viumbe wa sayari nyingine kilichofukiwa chini ya bahari tangu zama za kale. Ilipogunduliwa maktaba ya kale ya Alexandria chini ya maji, na mataifa yakabishania ni nani mwenye haki ya hazina hiyo, hapo tulikaa sawasawa kitini, maana swali la nani ni mwenye vitu vya kale ni swali linalouma. Kumbe msuluhishi aliyeletwa ni kundi la watu wanaosoma mawazo ya wenzao. Hoja ikayeyuka. Hii ndiyo tabia ya mchezo wote: kila unapoligusa jambo la kweli, huondoa mkono upesi kama aliyeshika chungu cha moto.

Lipo kosa jingine, na kwa maoni yetu ndilo kubwa. Katika mchezo unaotendeka chini ya bahari, maji hayana uzito. Njia za ndani ya nyambizi ni pana na zimepakwa rangi kama za hoteli. Maofisa wanatembea wawili wawili wakizungumza. Nahodha ana chumba kama cha meneja wa benki. Bahari yaonekana kwa nje tu, katika picha zilizochorwa kwa kompyuta, ambazo kwa wakati ule zilikuwa ngeni kwenye televisheni na leo zinaonekana za samawati iliyofifia, kama glasi ya maji iliyotiwa wino. Twaelewa kuwa kupiga picha majini ni gharama na ni adha. Hata hivyo filamu ya Kijerumani ya Das Boot, iliyotolewa mwaka 1981 na Wolfgang Petersen, ilipigwa kwa sehemu kubwa ndani ya bomba jembamba la chuma, na maji ya nje hayaonekani ila kwa nadra. Pamoja na hayo, mtazamaji hushindwa kupumua. Nyambizi inapozama kupita kina ilichojengewa, hatuonyeshwi bahari. Twaonyeshwa sindano ya kipimo ikipanda, twasikia chuma kikilia, halafu parafujo zikifyatuka kama risasi. Mwongozaji yule alijua kwamba bahari ni kitu kinachosikika kabla ya kuonekana. Watayarishaji wa seaQuest, waliokuwa na fedha nyingi, hawakumwekea mtazamaji hata sauti ya chuma kikilalamika.

Msimu wa pili ulianza Septemba 1994. Kazi ilihamishiwa Florida, na waliohama hawakuwa wote waliokuwapo. Ballard hakuwamo tena. Dakta Westphalen naye aliondoka, na pamoja naye ule mvutano wa askari na maabara ambao ndio uliokuwa uti wa mgongo. Mahali pao wakaletwa daktari msoma mawazo, mtu aliyeumbwa kwa mitambo ya uzazi, na baharia mwenye mashavu ya samaki. Akaletwa mungu wa bahari wa Wayunani. Akaletwa mamba mkubwa wa zama za kale. Nyambizi ikasafirishwa mpaka wakati ujao, ikakuta duniani wamebaki watoto wawili wanaocheza vita kwa mitambo. Roy Scheider, ambaye aliaminishwa kuwa anaingia katika kazi ya maana, aliwalalamikia waandishi wa habari hadharani kuwa hadithi zimekuwa za kitoto na kwamba amesalitiwa. Si kawaida nahodha kukitukana chombo chake kingali majini. Sisi twamwelewa.

Na msomaji atazame tarehe. Mkataba wa Sheria ya Bahari, baada ya miaka 12 ya kungojea idadi ya nchi iliyotakiwa, ulianza kutumika rasmi tarehe 16 Novemba 1994, na siku hiyohiyo ikazaliwa Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari yenye makao yake Kingston, Jamaica. Yaani shirika la mataifa la kusimamia vilindi, ambalo watunzi walilibuni kwa ajili ya mwaka 2018, lilipatikana kwa namna yake wakati msimu wa pili ungali unaonyeshwa. Marekani yenyewe haikujiunga na mkataba huo, na hata leo haimo. Ilikuwa ni zawadi kwa mtunzi yeyote mwenye macho. Wenzetu walikuwa wakishughulika na mamba.

Utetezi wao twaujua. Shirika la televisheni huishi kwa matangazo ya biashara, matangazo hufuata watazamaji, na mchezo huu uliwekwa Jumapili jioni kupambana na Murder, She Wrote iliyokuwa na wapenzi wake wa miaka mingi, na Lois & Clark iliyokuwa na Superman. Wakubwa wa ofisini waliona hesabu zikishuka, wakasema tieni vitisho zaidi. Tena walikuwa na mfano wa kujitetea: Voyage to the Bottom of the Sea, mchezo wa Irwin Allen ulioonyeshwa kuanzia mwaka 1964 hadi 1968, nao ulianza na fitina za mataifa ukaishia kwenye mazimwi ya kila namna, na ulidumu miaka minne. Basi, wakasema, zimwi hulipa. Lakini safari hii halikulipa. Watazamaji waliokuja kwa ajili ya bahari walikwenda zao, na wale wapendao viumbe wa sayari nyingine walikuwa na Star Trek, ambako kazi hiyo hufanywa na wenye uzoefu. Mchezo ukabaki hauna mwenyewe.

Mwisho wa msimu ule wa pili nyambizi inachukuliwa na viumbe wa mbali, ikapelekwa kupigana katika bahari ya sayari nyingine, ikaangamia. Tulidhani ndiyo tamati. La hasha. Msimu wa tatu ulipofunguliwa Septemba 1995, miaka kumi ilikuwa imepita katika hadithi, jina lilikuwa limebadilishwa likawa seaQuest 2032, na nyambizi yetu ya mita 300 ilikutwa nzima imekaa katikati ya shamba la mahindi. Tunaandika haya bila kuongeza chumvi. Scheider aliaga baada ya kuonekana mara chache, akamwachia unahodha Michael Ironside, mwigizaji mwenye uso wa radi, na ajabu ni kwamba hapo mchezo ulianza kupata akili. Likatokea dola la Pasifiki lenye uchu wa kupanuka, likatokea kampuni lenye nguvu kuliko serikali, na watu wakaanza tena kugombania maji, chakula na mipaka. Ulikuwa umechelewa. Baada ya vipindi 13 NBC ililifunga jambo hilo mwaka 1996, jumla vikiwa vipindi 57.

Yupo atakayetuuliza kwa nini tahariri ijishughulishe na mchezo uliokufa, tena wa nchi za watu, wakati bei ya unga haijashuka. Tutamjibu kwamba vilindi ni mahali ambapo karibu hakuna raia aliyepata kupaona, na asichokiona mtu hukijua kwa kusimuliwa. Mbuga za wanyama zilipata watetezi kwa sababu mamilioni walimwona tembo katika picha kabla hawajamwona kwa macho. Sakafu ya Pasifiki, baina ya Hawaii na Mexico, imetandikwa mawe meusi yenye ukubwa wa viazi, yenye manganizi, nikeli, shaba na kobalti, ambayo hukua kwa milimita chache katika miaka milioni. Makampuni yana leseni za kuyapeleleza, na huko Kingston wajumbe, wa kwetu wakiwamo, wamekuwa wakibishana juu ya kanuni za kuyachimba. Ni mjadala unaowahusu wajukuu wetu, nao hauna picha vichwani mwa watu. Mchezo wa televisheni wenye fedha za Hollywood ungeweza kuiweka picha hiyo. Badala yake uliwafundisha watoto wa kizazi kizima kwamba chini ya bahari kuna mizimu.

Wala mtu asiseme kwamba ukweli wa bahari haufai kwa masimulizi. Mwaka 1974 meli ya Hughes Glomar Explorer ilikwenda Pasifiki, ikatangazwa kuwa inatafuta mawe hayohayo tuliyoyataja, na dunia ikasadiki. Kumbe ilikuwa imetumwa na majasusi wa Marekani kuinua nyambizi ya Kisovieti iliyozama mwaka 1968 penye kina cha kilomita tano hivi. Uongo ule wa uchimbaji uliaminiwa hata na wajumbe waliokuwa wakijadili sheria ya bahari. Na kama haja ni mnyama wa zama za kale, yupo silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka pamoja na madainosau, hata alipovuliwa Afrika ya Kusini mwaka 1938 na kutambuliwa na Marjorie Courtenay-Latimer aliyekuwa na jumba dogo la makumbusho. Tangu mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania wamewanasa kadhaa, hasa Tanga, katika nyavu za jarife zilizotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa, na mwaka 2009 ikatangazwa huko hifadhi ya bahari yenye jina lake. Huyu hakuhitaji mtaalamu wa kompyuta wa kumchora. Mvuvi alimvuta mkononi, akamtazama, akashindwa kumpa jina.

Kwa msomaji atakayebahatika kupata diski za mchezo huu, maana zipo madukani na kwa wakusanyaji, twamshauri atazame kipindi cha kwanza kwa ajili ya Scheider, kisha kile cha chemchemi za moto, asizime mpaka Ballard amalize kusema. Cha maktaba ya Alexandria akitazame nusu, mpaka wafike wale wasoma mawazo. Msimu wa pili auruke wote. Akiwa na subira auchukue wa tatu kuanzia kipindi cha pili, ili asikutane na mahindi.